Binti yangu anarudi bweni Januari: tuwaambie shuleni au tunyamaze?

Anti, shikamoo. Mimi ni mkulima wa viazi na kabichi huku Isongole, Rungwe. Ninayekuandikia habari zake ni binti yangu mkubwa, ana miaka 16, Januari anaingia kidato cha nne. Barua itakuwa ndefu, univumilie.

Maradhi yake yalianza na kuumwa kichwa, kisha tumbo. Shuleni wanamrudisha nyumbani, zahanati wanapima malaria hakuna. Wakasema taifodi, akanywa dozi. Hakupona, wakasema vidonda vya tumbo, dozi nyingine. Fedha ya viazi ikaishia kwenye vipimo. Huku alama zinashuka, kwaya ameacha, na ukimwuliza neno anajibu kwa ukali hadi mdogo wake akawa anaogopa kumwita kula. Usiku yuko macho mpaka majogoo, mchana amejifunika blanketi. Machozi hakutoa hata siku moja, na hilo ndilo lililotuchanganya sote, maana sisi tunajua mwenye huzuni hulia.

Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Mwalimu wa darasa aliandika kwenye ripoti kwamba uwezo anao ila ni mvivu. Mama mkwe akasema jina la shangazi yake marehemu alilorithi linamdai. Kanisani wakashauri mfungo.

Aliyetutoa gizani ni wifi yangu, muuguzi mstaafu. Alikuja likizo, akamtazama siku kadhaa, kisha akamkalisha jikoni akamwuliza waziwazi kama anafikiria kufa. Moyo wangu uliruka, nikaona anamtia mtoto wazo baya. Binti akanyamaza muda mrefu, akasema ndiyo. Daktari baadaye alitueleza kwamba kumwuliza mtu swali hilo hakumpandikizii wazo, kunampa nafasi ya kulisema.

Tulikwenda hospitali ya rufaa Mbeya mjini, kliniki ya afya ya akili. Kwanza walimpima damu, wakaangalia na tezi ya shingo, kwa sababu upungufu wa damu na tezi iliyolegea navyo huchosha mtu na kumtia unyonge. Wazee wenye rovu huku kwetu si wageni, kwa hiyo hilo nililielewa haraka. Majibu yakawa safi. Daktari akazungumza naye peke yake, sisi tukiwa nje kwenye benchi, kisha akatuita: ni sonona, ugonjwa wa akili wa huzuni na unyonge usioisha. Akasema siku moja mbaya kila mtu anayo. Wanachokitazama wao ni hali inayodumu wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, ikagusa usingizi, chakula, masomo na mambo aliyokuwa anayapenda. Na kwa vijana, akasema, hasira mara nyingi inasimama mahali pa huzuni, na mwili unauma bila kidonda.

Matibabu yake ni ya namna mbili. Anakutana na mwanasaikolojia, wanachambua mawazo yanayomjia: anayaandika, kisha wanapima pamoja lipi ni kweli na lipi ni sonona inasema. Anapangiwa pia kazi ndogo za kila siku na saa ya kulala. Pili ni kidonge, fluoksetini. Tuliambiwa kinachukua wiki kadhaa kuonyesha nguvu, na kwamba wiki za mwanzo tumwangalie kwa karibu, kwani kwa baadhi ya vijana mawazo ya kujidhuru yanaweza kuongezeka kabla hayajapungua. Tukaagizwa pia tuondoe dawa za shambani nyumbani. Nyumba ya mkulima wa viazi unaijua, Anti, dawa ya ukungu inakaa uvunguni kama viatu. Mume wangu alizihamishia stoo ya jirani akafunga kufuli, na vidonge vya binti natoa mimi kwa mkono wangu.

Sasa ni afadhali kubwa. Anakula, anacheka na mdogo wake. Juzi kanigombeza kwamba sijui kusonga ugali, nikafurahi kugombezwa. Mama mkwe anasema basi kapona, aache hizo dawa. Daktari alisema aendelee miezi 6 au zaidi baada ya nafuu, na siku ya kuacha atampunguzia yeye daktari mwenyewe, taratibu. Nimemwambia mama kwa heshima zote: wewe omba, na kidonge anywe. Hata mchungaji ameniunga mkono, jambo ambalo sikulitegemea. Hilo silikuulizi.

Ninalokuuliza ni la shule. Baba yake hataki mtu yeyote kule ajue. Anasema wakijua wataanza kumwita wa Mirembe mpaka amalize. Watu wanakwenda Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili kule Dodoma, wanatibiwa na kurudi kazini, lakini kwa watoto wa bweni hilo ni tusi. Binti mwenyewe anataka kurudi, rafiki zake wako kule, ila anaomba ajue mtu mmoja tu, matroni. "Nisiwe tangazo la paredi," anasema. Baba yake anakataa hata matroni, na sababu anayo: mwaka jana matroni huyo huyo alitaja ugonjwa wa msichana mwingine mbele ya foleni ya chakula.

Lakini tukinyamaza, vidonge vinakaa wapi? Tranka zinakaguliwa. Na hata visipoonekana, ni mzigo wa mwezi mzima mkononi mwa mtoto ambaye tumeagizwa tusimwachie dawa. Tarehe za kliniki nazo, ataomba ruhusa kwa sababu gani? Namba 116, simu ya bure ya watoto, anaijua kwa kichwa, ila bweni haliruhusu simu. Shule ya kata iko karibu, ningemrudisha nyumbani, lakini kuhama kidato cha nne kuna usumbufu wa usajili wa mtihani, naye akisikia tu kuhama anarudi kujifunika blanketi.

Kwa hiyo, Anti: kuna namna ya daktari kuandika barua inayosema dawa na tarehe za kliniki tu, bila jina la ugonjwa? Nikimkwepa matroni nikaenda kwa mwalimu wa malezi au mkuu wa shule moja kwa moja, nitakuwa nimevunja ahadi kwa mtoto, au nirudi kwake kwanza tuchague mtu mwingine pamoja? Na baba yake nimwingieje? Si mkorofi, ni mtu anayeogopa, na akiogopa hufunga mdomo na mlango.

Anataka kulipa ada wiki ijayo. Nakuomba unijibu kabla hajaenda benki.

Mama wa Isongole, Rungwe