Mdogo wangu, sale silileti mimi

Mdogo wangu,

Umejitoa kwenye kundi la familia, namba yangu umeifunga, na kwenye msiba wa Bibi ulikaa turubai la mbali mpaka gari lilipokuja kukuchukua. Binamu zetu wananiambia huwa unasoma ninayoandika hapa. Basi nakuandikia hapa.

Mama anataka mmoja wetu ampelekee mwenzake sale, lile jani letu Wachagga la kuombea msamaha, kabla ya Desemba. Sina haja ya kukueleza sale ni nini kwetu. Likishafika mlangoni, kinyongo unakiweka chini hata kama ni wewe uliyeonewa. Nimemwambia Mama sitalipeleka, na amelia, na bado sitalipeleka. Nisikilize kwanza.

Unawaambia watu kwamba nilikuchongea kwa mkuu wa shule tuliyokuwa tunafundisha wote, ndiyo maana ukahamishwa. Ulikuwepo kwenye kile kikao cha wazazi. Mwaka ule wa ukame, 2022, watu wanapoteza ng'ombe kila wiki, na sisi tunajadili michango ya makande. Yule mzee alisimama na rubega yake na fimbo yake, akaanza kusalimia kwa Kimaasai, taratibu, kama mkubwa wa kwao anavyosalimia watu waliokusanyika. Binti yake wa Kidato cha Pili akawa anatafsiri. Ukagonga meza kwa peni. "Mzee, kama hujui Kiswahili kaa chini, unatupotezea muda." Wazazi wa mjini wakacheka. Binti akanyamaza katikati ya sentensi. Mzee hakujua umesema nini, lakini kicheko hakihitaji mkalimani. Alimalizia salamu yake kwa sauti ileile, akakaa, na kikao kilipoisha akaondoka bila kula.

Nilimfuata binti jikoni. Baba yake alikuja kuomba nafasi ya bweni. Walikuwa wanahamisha mifugo kuelekea Kiteto na hakutaka mtoto aache shule. Hicho tu. Wiki iliyofuata waliondoka naye. Sasa ana mtoto mgongoni, nimemwona mnadani akiwa na baba yake.

Mkuu aliponiuliza kwa nini dawati lile liko wazi, nilimweleza. Ulitaka niseme nini? Kwamba ameugua? Kabla ya hapo nilikupa siku mbili ukamweleze wewe mwenyewe. Ukaniambia mimi ni dada yako kabla ya kuwa mwalimu. Yule mtoto naye alikuwa wa mtu, mdogo wangu. Na barua ya uhamisho sikuiandika mimi, mimi hata wino wa mhuri sina.

Ulinijibu jambo moja ambalo nimelifikiria sana, na nitalitendea haki. Ulisema Mwalimu Nyerere alitupa Kiswahili ili tusibaguane, na kwamba ningetaka kila kabila liongee lake basi shule ingevunjika. Ni kweli, Kiswahili ndicho kimetushika, nchi yenye makabila zaidi ya 120. Lakini kilitushika kwa kukaribisha watu ndani. Wewe ulikitumia kumtoa mtu nje, tena mtu aliyekuja na mkalimani wake, uliyemfundisha Kiswahili wewe mwenyewe.

Mtoto wa Kimaasai anatoka nyumbani na lugha yake, anakutana na Kiswahili darasa la kwanza, na akishakizoea, sekondari inamletea Kiingereza. Mwenzake wa Ngarenaro, pale Arusha mjini, amezaliwa na Kiswahili mdomoni. Wote unawapa mtihani mmoja siku moja, halafu ofisini tunasema huyu ana akili, yule mzito. Nimeyasikia hayo kila muhula na kila mara naumia upya. Yule anayeitwa mzito amefundishwa kwao asiropoke mbele ya wakubwa. Akikutana nawe kwenye varanda anainamisha kichwa ili umguse, na walimu wapya wanadhani anaficha kitu. Mguse kichwa. Haigharimu kitu, na kuanzia siku hiyo ataanza kunyoosha mkono darasani.

Hesabu za ng'ombe siziandiki ubaoni kwa kutaja baba wa mtu. Wafugaji wengi hawapendi mifugo yao ihesabiwe hadharani, wao wanaijua kwa rangi na sura, na mtoto ukimwuliza "kwenu mna wangapi" unamweka pabaya. Mimi natumia magunia ya mahindi. Ramadhani navisogeza vipindi vya michezo. Swali zito nawapa dakika wajadiliane kwa lugha yoyote, kisha mmoja asimame alete jibu kwa lugha ya somo. Ulikuwa unaniambia nawadekeza. Matokeo yao unayajua, ulikuwa unayabandika wewe ukutani.

Nakueleza haya kwa sababu ya huko uliko. Huko Karatu, ukishuka kuelekea Mang'ola na Ziwa Eyasi, utafundisha Wairaqw, Wadatoga, Wahadzabe, na watoto wa waliofuata kilimo cha vitunguu kutoka kila mkoa. Kiiraqw ni cha ukoo wa lugha za Kikushi, Kidatoga ni cha ukoo wa Kiniloti, na Kihadza chenye vidoko, zile sauti za kugonga ulimi, hakina ndugu anayejulikana. Hakuna darasa gumu kuliko hilo Tanzania hii, na hakuna tajiri kuliko hilo. Ningekuwa na nafasi ningekuja kukutazama ukifundisha. Unafundisha vizuri kuliko mimi, nimewaambia watu hivyo hata baada ya ugomvi. Ubao wako ni msafi, sauti yako inafika nyuma, watoto wanakupenda. Ndiyo maana lile neno lako liliniuma vile, na ndiyo maana sikulinyamazia.

Dawa za Mama za presha zinakwisha tarehe za mwisho wa mwezi, usisahau, zamu yako ni Novemba.

Sasa la sale. Sikupelekei kwa sababu deni si langu, na wewe pia usiniletee mimi. Anayedaiwa samahani ni yule mzee, na kwake sale ni jani tu. Kwa Wamaasai kinachofanya kazi hiyo ni nyasi mbichi. Mtoto anayechapwa aking'oa nyasi akazishika mkononi, fimbo inasimama. Mwaka huu mvua imenyesha, nyasi zipo. Boma limerudi, njia naijua, na binti yake atatutafsiria akikubali. Niambie Jumamosi ipi unaweza kushuka Arusha, nami nitakuwa stendi.