Barua kwa mpwa wangu anayetaka kusaini na shirika lenye njaa

Mpwa wangu,

Salamu kwanza. Nimesikia umepata nafasi ya rubani msaidizi wa ATR, ile ndege ya abiria ya mapangaboi mawili, na nyumbani wameshaanza kukuita kapteni. Hongera. Habari za shirika lenyewe unazo: safari zinafutwa, mishahara inachelewa. Sikukatazi. Kijana mwenye leseni ya urubani wa biashara na saa 250 za kuruka hana waajiri waliopanga foleni mlangoni, na saa za ATR huhesabiwa hata zikitoka kwa shirika lenye madeni. Ila ingia macho yakiwa wazi.

Usidanganywe na viti kujaa. Jetlink ya Kenya ilisimamisha safari Novemba 2012 huku karibu dola milioni 2 za mauzo ya tiketi zikiwa zimekwama Sudan Kusini. Fastjet Tanzania ilisimama Desemba 2018, mwezi ambao kila mtu anataka kwenda kwao. Shirika la ndani linauza tiketi kwa shilingi, lakini gharama ya kukodi ndege, vipuri, bima na mafunzo ya simuleta (mashine ya kuigiza urushaji wa ndege) ni dola. Tena safari fupi zinakula ndege. Miguu ya ndege na baadhi ya sehemu za injini huhesabiwa kwa mizunguko, na kupaa na kutua ni mzunguko mmoja, uwe umekwenda Zanzibar kwa dakika 20 au Kigoma kwa zaidi ya saa mbili.

Njaa ya shirika haionekani kwanza kwenye mshahara. Inaonekana kwenye daftari la hitilafu la ndege. Unajua MEL, ile orodha ya vifaa ambavyo ndege inaruhusiwa kuruka vikiwa vibovu kwa muda: kundi B siku 3, C siku 10, D siku 120, bila kuhesabu siku hitilafu ilipoandikwa. Pale penye fedha, hitilafu ya C hufungwa mapema. Pale penye njaa hufungwa siku ya tisa au ya kumi, kwa sababu kipuri hakikuagizwa mpaka siku ya nane. Rudi nyuma kurasa kadhaa. Ukiona hitilafu imefungwa kwa maneno "imekaguliwa, iko sawa", halafu kesho yake imeandikwa upya neno kwa neno, hapo hakuna kilichotengenezwa. Kuna mtu ameirudisha saa nyuma ili siku zianze kuhesabiwa upya.

Kisha tazama ile ndege iliyoegeshwa pembeni, injini zimefunikwa. Kuchukua kipuri kwenye ndege moja na kukifunga kwenye nyingine kunaruhusiwa, mradi karatasi zake zimekamilika. Lakini fundi anafanya kazi ileile mara mbili, na kila kifaa kinapofunguliwa na kufungwa kuna nafasi ya kukosea. Ndege iliyochunwa miezi mitatu hairudi angani kirahisi, na wewe rubani mpya saa zako zilikuwa ndani yake.

Hebu nikuonyeshe hitilafu moja inayoonekana ndogo. ATR haina injini ndogo ya mkiani ya kutoa umeme ikiwa chini. Badala yake injini ya kulia huachwa ikiunguruma huku pangaboi lake limeshikwa na breki, na hapo unapata umeme na hewa ya kupoza abiria. Breki hiyo ikifa, ndege bado inaruhusiwa kuruka. Lakini kila kituo unazima injini zote mbili, na kwenye uwanja mdogo usio na mtambo wa umeme, redio na skrini za marubani zinakula betri wakati abiria wanapanda. Kisha betri hiyohiyo iliyochoka inatakiwa iwashe injini. Mzunguko wa NH (kasi ya sehemu ya ndani ya injini) lazima ufike asilimia 10 kabla hujafungulia mafuta. Ukifika kwa kujivuta na joto likapanda haraka, kata mafuta palepale, usisubiri lifike kikomo. Turbini ikiungua umeiua injini ambayo shirika halina uwezo wa kuirudisha. Kwa hiyo siku breki imeandikwa mbovu, swali lako kabla ya kuondoka Dar ni moja: huko tuendako mtambo wa umeme upo na unafanya kazi?

Mafuta nayo yanasema mengi. Shirika likinyimwa mkopo, gari la mafuta haliji mpaka malipo yaonekane, na safari ya saa 12 alfajiri inaondoka saa 2. Au utaambiwa ubebe mafuta ya kwenda na kurudi kutoka Dar kwa sababu kituo cha mbele kinadai. Hapo fanya hesabu mwenyewe. ATR 72-600 inaweza kupaa ikiwa na uzito wote wa kilo 23,000, lakini uzito wa juu wa kutua ni kilo 22,350. Kwenda Zanzibar unachoma kama kilo 300 tu, kwa hiyo huruhusiwi kupaa na zaidi ya takriban 22,650. Mafuta ya ziada yakizidi hapo, ni abiria au mizigo inayobaki. Presha mbaya zaidi ni ya upande wa pili, ya kupunguza. Akiba ya mwisho ya dakika 30 na mafuta ya kufika uwanja mbadala hayaguswi, na hakuna meneja mwenye saini juu ya hayo isipokuwa kapteni. Wewe msaidizi kazi yako ni kusema namba kwa sauti kabla mlango haujafungwa. Mwenye njaa hana miiko, na ofisi ya ratiba ikiwa na njaa huwa inapiga simu sana.

Sasa saa zako. Ndege tatu zikiruka saa 8 kwa siku zinatoa kama saa 720 kwa mwezi. Wagawie marubani wasaidizi 12: saa 60 kila mmoja. Kutoka 250 hadi 1,500 za leseni ya juu ya urubani ni miezi 21. Ikibaki ndege moja, kila mmoja anapata saa 20, na miezi inakuwa zaidi ya 60. Ndiyo maana usiulize tu wana ndege ngapi. Uliza ngapi ziliruka wiki iliyopita, na wasaidizi ni wangapi. Kumbuka pia katika hizo 1,500 zinatakiwa saa 100 za usiku na 75 za kuruka kwa kutegemea vyombo, na shirika lisilo na safari za jioni halitakupa za usiku.

Bondi ndiyo kamba yenyewe. Wakikulipia mafunzo ya idhini ya kurusha ATR watataka uwatumikie muda fulani. Ni haki yao. Kubali iwapo deni linapungua kila mwezi unaofanya kazi, na iwapo imeandikwa kwamba mshahara usipolipwa miezi miwili mfululizo, au safari zikisimama, deni linakufa. Ukiona wanataka mkopo wa benki kwa jina lako, hundi zilizosainiwa bila tarehe, au hati ya shamba la babu, funga begi urudi nyumbani. Shirika likifa, benki haifi.

Karatasi zako zikae kwako. Kitabu cha saa kigongwe muhuri na kusainiwa kila mwisho wa mwezi, maana ofisi ikishafungwa hakuna wa kuthibitisha. Saa ulizofanya ukapteni chini ya uangalizi ndizo za kwanza kutiliwa shaka zikikosa saini. Chukua nakala ya kila fomu ya mtihani wa simuleta. Cheti cha afya daraja la kwanza lipia mwenyewe wakichelewa.

Kila mwezi angalia michango yako NSSF. Asilimia 10 yako ikikatwa kwenye mshahara na isionekane kule, umeshapata jibu kuhusu hali ya kampuni, hata kama mkurugenzi ametoka kuwahutubia kuhusu mwekezaji mpya. (Mwekezaji mpya yupo kila mahali, na huwa anafika mwezi ujao.) Mishahara ikikwama, kwa Tanzania madai hupelekwa CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi) ndani ya siku 60, na kama umeachishwa kazi isivyo halali ni siku 30 tu. Wengi hukosa haki yao kwa kungoja ahadi mpaka siku zikapita.

Mkataba nitumie kabla ya Ijumaa, kurasa zote, pamoja na kile kiambatisho cha bondi ambacho huwa wanakitoa siku ya kusaini. Wakikwambia bado hakijachapwa, waambie utasubiri.

Mjomba wako