Hiyo karatasi ya dogo

Moshi, Jumapili usiku

Eliwaza shoga yangu,

Umelala kweli? Mi jana ulivyokata simu nilibaki nimesimama jikoni mpaka uji wa mtoto ukaungua. Nimeona nikuandikie maana kwenye simu we ulikuwa unalia na mi nilikuwa naropoka tu.

Ile picha ya karatasi ya vipimo vya dogo, mdogo wako aliyelazwa, nimeisoma mara tatu. Nyie mmeona lukemia, saratani ya damu, mkaanza kupanga msiba, na mama kashaita wazee. Mi nikaenda mstari wa chini kabisa ambao hamna aliyewaeleza: PML-RARA, imeonekana. Shoga, huo mstari ndo karatasi yenyewe.

Iko hivi. Karibu kila seli ya mwili ina kromosomu 46, humo ndo jeni zinakaa. Sasa siku moja ndani ya uloto, kule ndani ya mifupa damu inakotengenezwa, kwenye seli moja tu, kromosomu ya 15 na ya 17 zinakatika halafu zinaungwa kwa kubadilishana vipande, kama fundi wa pale soko la Memorial kasinzia kwenye cherehani akashona mguu wa suruali kwenye bega la shati. Jeni ya PML inajikuta imeshikana na RARA, ndo wanaita fyusheni. RARA kazi yake ni kuamrisha seli nyeupe changa ya damu ikue, ila ikishaungwa hivyo inageuka kufuli, seli haikui tena inazaana tu, kama yule kaka wa Marangu unayemjua, miaka 40 yuko kwa mama yake na anazidi kuleta watoto. Zinajaa uloto mzima, seli nyekundu hazina pa kukaa, zile za kugandisha damu ndo kabisa, ndo maana dogo fizi zinatoka damu na mapaja yamevilia, na nyie wiki mbili mnaambiwa taifodi. Hapo nina hasira, tuache.

Mi hizi seli nimeziona kwa macho yangu mara moja. Slaidi ya mtu mwingine, nilikuwa zamu ya usiku maabara, nazungusha darubini nakuta seli imejaa vijiti vya zambarau vimelaliana kama mzigo wa kuni kichwani kwa mama wa Kibosho. Sikumaliza hata kuhesabu, nilikimbia na kandambili mpaka wodini kumwita daktari. Maana hii aina ukiishuku tu dawa inaanza, majibu ya jeni yatakuja baadaye, mgonjwa anaweza kuvuja damu kwenye ubongo huku nyie mnasubiri karatasi.

Dawa yenyewe inaitwa ATRA, ni vidonge, ndugu wa vitamini A. Na haiui seli, hapo ndo pananifurahisha. Inafungua kufuli, seli inakua, inazeeka, inakufa kifo chake. Mwaka 1985 kule Shanghai daktari Wang Zhenyi alimpa mtoto wa kike wa miaka 5 aliyekuwa anaisha, akapona. Ya pili ni aseniki, imeanzia Harbin hukohuko China, na nakuomba sana usimwambie mama kwamba zamani ilikuwa sumu ya panya, ataondoka na mtoto wodini. Kabla ya hizo mbili hii ndo ilikuwa lukemia ya kuogopwa kuliko zote. Mwaka 2013 Waitalia na Wajerumani wakatoa utafiti, wagonjwa ambao seli nyeupe hazijapanda sana walipewa hizo mbili bila kemotherapi, zile dawa kali za kuua seli, na baada ya miaka miwili zaidi ya 9 kati ya 10 walikuwa hai. Seli nyeupe za dogo nimeziona, ziko chini.

Sisemi ni mchezo. Na fyusheni siyo zote ziko hivi, ile ya kromosomu 8 na 21 inataka kemotherapi ila inaisikia vizuri, za jeni ya KMT2A ni kichwa ngumu, dawa yao ya vidonge Marekani wameipitisha 2024 tu. Jina la ugonjwa moja, njia tofauti kabisa. (Hiyo ya 8 na 21 aliigundua mama mmoja wa Chicago, Janet Rowley, mwaka 1972, alikuwa anakata picha za kromosomu kwa mkasi juu ya meza ya chakula nyumbani, watoto wake wanamcheka eti mama anacheza na midoli ya karatasi. Miaka mitano mbele akaja na hii ya dogo.)

Mwambie mama hajamrithisha mtu chochote. Haya mambo yametokea kwenye seli moja ya dogo akiwa mtu mzima tayari, siyo ukoo wa baba, siyo laana ya kihamba, shamba la ukoo, asichinje mbuzi wa watu.

Sasa sikiliza. Akianza kuhema kwa shida, homa, au uzito ukapanda ghafla na miguu ikavimba, usisubiri asubuhi, ita nesi, dawa inafanya hivyo wakati mwingine na wana sindano yake. Asipewe diklofenaki wala aspirini hata akilia kichwa. Sindano za matakoni hapana.

Jumamosi nakuja na Coaster ya kwanza, ntakuwa hapo stendi saa tatu. Nimemnunulia mswaki laini wa watoto, una picha ya twiga, akinuna mwambie fizi zake ndo zimechagua.

Wako,
Mama Glory