Hata Akiitaja TIN Yako

Mwanangu Rehema,

Jumamosi unapanda basi la Mwanza, na duka lifunguliwe kabla mwezi haujaisha. Nimefurahi, nisikufiche. Ila hawa matapeli wanaojiita maofisa wa TRA, Mamlaka ya Mapato, wananinyima usingizi.

Tapeli atakupigia, akuite kwa majina matatu, akutajie TIN, yaani namba yako ya mlipakodi, na jina la duka. Usitetemeke. TIN imechapwa kwenye kila risiti ya EFD, ile mashine ya risiti, unayompa mteja, na cheti chake utakitundika ukutani kando ya leseni. Namba ya simu iko kwenye bango kwa herufi nyekundu; haya, mimi ndiye niliyesema zinavutia.

Kisha atasema una deni, duka linafungwa leo saa kumi, lakini "tunaweza kuelewana", tuma laki mbili namba hii. Kodi hailipwi kwenye simu ya mtu. Inalipwa kwa kontrol namba, yaani namba ya bili ya serikali, ya tarakimu 12 inayoanza na 99, benki au kwenye menyu ya malipo ya serikali. Kabla ya kuweka namba ya siri likitokea jina la mtu, ghairi. Hata akikutumia kontrol namba usilipe bado: yaweza kuwa halali kabisa, ila ya bili ya mwingine. Ingia kwenye akaunti yako ya TRA au nenda ofisini ukaulize. Na tarakimu za siri za uthibitisho zilizoingia kwa SMS usimsomee mtu.

Makadirio ya kodi huja kwa maandishi, na una siku 30 za kuyapinga. Wewe lakini una haraka, unajibu swali halijaisha. Kata simu. Hata akiitaja TIN, kata.

Awamu zako za kulipa kodi ni mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Risiti ya Juni ikiwa kwenye faili, wa kukutisha Julai atatokea wapi? Hesabu unaziweza kunishinda, faili ndiyo hujawahi kulitunza.

Ikitokea umeshatuma, piga 100, huduma kwa wateja ya mtandao wako, papo hapo kabla hajatoa hela kwa wakala, kisha nenda polisi, na namba yake iripoti kwa SMS kwenda 15040. Halafu niambie siku hiyo hiyo. Sitafoka kama kwa zile hela za kikoba.

Blanketi liko kwenye begi la bluu. Sufuria kubwa iache, mdogo wako ana mahafali. Na umlipe fundi wa tanki kabla hujaondoka, amekuja mara mbili.

Mama yako