Barua ya wazi kwa wanaolea watoto wadogo: rafiki ni yule unayeweza kumwambia hapana

Wanangu,

Nawaandikia nyinyi wazazi, walezi na walimu wa chekechea, mnaoshinda na watoto wa miaka 3 hadi 8. Sasa mimi ni bibi, lakini kabla ya ubibi nilikaa darasani na watoto wa umri huo kwa zaidi ya miaka 30. Ninalotaka kuwaambia ni fupi. Kilicho kirefu ni maelezo yake, nivumilieni.

Kila nikikaa na wazazi nasikia swali lilelile: "Bibi, huyu nimfanyeje apate marafiki wazuri?" Kabla sijafungua mdomo, mzazi keshamgeukia mtoto: "Ucheze vizuri na wenzako, umesikia?" Mtoto anaitikia. Mwite pembeni umuulize kucheza vizuri ndiko kupi, atakuambia: nisigombane, nisilie, nimpe mwenzangu akitaka kitu changu. Yaani tumemfundisha utii, tukauita urafiki.

Sisi wazee nasi tuna yetu. Tunapenda kuwaambia kwamba akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Methali nzuri, siibishi, ila mtoto wa miaka minne dhiki aijuayo ni kuona mwenzake kakalia bembea muda mrefu. Hiyo methali mwekeeni, ataikuta ukubwani.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka mingi nyuma nilikuwa na mtoto wa kike wa miaka mitano, mpole, aliyekuwa na wenzake watatu wasioachana. Kila mapumziko walicheza hospitali. Daktari alikuwa yuleyule, nesi yuleyule, mama wa mgonjwa yuleyule. Huyu mpole ndiye aliyekuwa mgonjwa. Alilazwa kwenye mkeka, akafunikwa shuka mpaka kidevuni, akaambiwa afumbe macho na asiseme neno, maana mgonjwa haongei. Kwa mbali ilipendeza. Nikawa nawaza, hawa wanapatana kweli. Siku moja akaja akanivuta nguo. "Mwalimu, mimi kila siku naumwa." Nami, bila hata kuinua macho kwenye daftari nililokuwa nasahihisha, nikamjibu: "Si wanacheza na wewe? Wapo wasio na wa kucheza naye." Akarudi, akalala.

Baada ya wiki mbili hivi mama yake akanijia: mtoto hataki shule, kila asubuhi tumbo linamuuma, wamempima na hana kitu. Ndipo nilipokumbuka. Alikuwa amekuja kuniambia mwenyewe, nikamrudisha mkekani.

Tukafanya mazoezi, mimi na yeye tu. Sikumtuma "nenda kawaambie", kwa sababu mtoto mpole ukimtuma na sentensi ambayo hajawahi kuitamka, itamkwama kooni. Mimi nikawa daktari, yeye akabaki kuwa yeye. "Leo sitaki kuwa mgonjwa. Nataka kuwa daktari." Mara ya kwanza aliviambia viatu vyake. Mara ya nne akaniambia mimi, usoni. Alipokwenda kuisema penyewe, yule daktari akamjibu: "Basi huchezi." Wale wawili wakanyamaza. Akaja kukaa karibu nami siku mbili nzima, nami sikumsukuma. Siku ya tatu nesi akamfuata, wakafungua hospitali yao upande wa pili wa uwanja. Kabla ya wiki kwisha nilimwona daktari mkuu kasimama pembeni, anauliza kama kuna nafasi ya mgonjwa.

Sisemi huishia hivyo kila mara. Wapo niliowaona kundi likawaacha jumla, wakapata mwingine mmoja, na huyo mmoja akawatosha.

Tangu hapo kipimo changu kimekuwa hicho, na ndicho nilichowapa watoto walionipitia: rafiki ni yule unayeweza kumwambia hapana leo, na kesho mkacheza. Kina upande wa pili pia, na huo husahaulika upesi: ukiambiwa hapana wewe, usimfukuze mwenzako kwenye urafiki. Mtoto mdogo analielewa hili kwa sababu analiona likitendeka. Ukimwambia rafiki mwema ni mwaminifu, mkweli na mwenye upendo, ataimba vizuri sana mbele ya wageni, lakini uwanjani hana la kushika.

Hata hivyo msimdai mtoto zaidi ya umri wake. Mwaka 1932 Mmarekani mmoja, Mildred Parten, alichapisha aliyoyaona alipowatazama watoto wa miaka 2 hadi 5 wakicheza. Wadogo hukaa kando kwa kando, kila mmoja na vyake, hata kama vitu ni vya aina moja. Kucheza kwa kugawana kazi, wewe jenga mimi nilete, huongezeka kadiri umri unavyopanda. Kwa hiyo ukimkuta wako wa miaka miwili kampa mwenzake mgongo, kila mmoja na mchanga wake, usimhurumie. Hao wanacheza pamoja kwa kadiri ya miaka yao.

Baadaye Mmarekani mwingine, Robert Selman, akawahoji watoto wenyewe urafiki ni nini. Kwa wa miaka kama 3 hadi 6, rafiki ni yule ninayecheza naye sasa hivi, aliye karibu, au mwenye kitu kizuri. Wakikua kidogo, rafiki anakuwa yule anayenifanyia ninachotaka. Hesabu ya nipe nikupe huja nyuma ya hapo, na umri wenyewe hupishana kutoka mtoto hadi mtoto. Mkilijua hili mtaacha kushtuka kila mnaposikia "wewe si rafiki yangu tena!" Kwa mtoto wa miaka minne maneno hayo maana yake ni "nimekasirika". Nimewaona wazazi wakipigiana simu kwa ukali, na kabla simu haijakatwa wale watoto wawili wapo chini ya meza moja wanacheka.

Jambo jingine. Mwaka 1983 watafiti wawili, Heinz Wimmer na Josef Perner, waliwasimulia watoto kisa cha kijana Maxi, aliyeweka chokoleti yake kabatini akatoka nje. Huku nyuma mama akaihamishia kabati la pili. Maxi akirudi ataitafuta wapi? Wale wadogo, wa miaka mitatu, huonyesha kabati la pili, kwa kuwa wao wanajua ndiko iliko. Kwamba Maxi hajui walilolijua wao ni jambo linaloanza kuwaingia kuanzia kama miaka minne. Sasa fikirini: mara ngapi tunamuuliza mtoto wa miaka mitatu, "Na wewe ungefanyiwa hivyo ungejisikiaje?" Hilo ni swali la mtu mzima. Mpeleke kwenye kinachoonekana. "Mtazame usoni. Analia. Ameukumbatia mkono wake." Hapo ataelewa, au angalau atatazama, na kutazama ndiko kunakoanza.

Nageukia sasa kwa wazazi wa daktari mkuu, kwani wa mgonjwa wameshasemewa. Hakuna mzazi aliyewahi kunijia akasema mtoto wake ndiye anayewatawala wenzake. Miaka 30, hata mmoja! Wote huja na watoto walioonewa, hata ukashangaa hao waonevu huzaliwa na nani. Wanangu, sikilizeni watoto wenu wanapocheza msipoonekana. Ukisikia "ukimwita yule mimi siji", au "kamba ni yangu, naamua mimi nani aruke", huyo ni wako, na wala si mtoto mbaya. Amegundua kwamba urafiki ni kitu ambacho mtu anaweza kutishwa nacho. Usimwite mchoyo mbele ya watu. Mwambie faraghani, kwa sauti ya kawaida: "Kamba ni yako, unaweza kukataa kuitoa. Mwenzako si wako, humtoi wala humweki." Halafu umjaribu nyumbani. Chezeni mchezo, umwambie "hapana, leo naanza mimi", uone atafanya nini. Akinuna mwache anune, na akimaliza umkute palepale, mchezo ukimsubiri. Somo la kukataliwa bila kuachwa hulipata kwako kwanza.

Kinyume chake yupo mtoto anayenunua. Huyu anarudi bila penseli, bila vibanio vya nywele, bila ule mpira mpya, na ukimuuliza anasema amempa rafiki yake. Tusikimbilie kumsifu ukarimu. Muulize: "Usingempa, angecheza na wewe?" Akikaa kimya muda mrefu, jibu umelipata.

Na hili la samahani. Watoto wawili wamegongana, mmoja ameubomoa mnara wa mwenzake makusudi. Tunamkamata bega: "Haya, muombe msamaha!" Anatazama dari, anasema "samahani" kama anayetaja siku za wiki, tunaridhika, kesi imekwisha. Aliyebomolewa bado anatazama vipande vyake. Mimi nilikuja kuachana na hiyo samahani ya kushikiwa bega. Nilikuwa nauliza: "Huyu tumfanyie nini mnara wake urudi?" Aliyebomoa anaokota vipande. Mara nyingi kufika kipande cha tano yule mwingine ameshaanza kumwelekeza, hiki weka hapa, hicho kikubwa chini. Neno lenyewe, kama litakuja, litakuja humo humo.

Kuna jambo moja ambalo sitalifanyia mzaha. Neno rafiki hutumiwa pia na watu wazima wenye nia mbaya. "Mimi na wewe ni marafiki, hii ni siri yetu, usimwambie mama." Mtoto aliyefundishwa kwamba rafiki hakataliwi na siri ya rafiki haitolewi, amefungwa mikono yote miwili na sisi tuliomlea. Kwa hiyo mfundisheni mapema tofauti ya siri na jambo la kushtukiza. Zawadi tuliyomfichia baba ni ya kushtukiza: ina siku ya kufunguliwa, na ikifunguliwa kila mtu anafurahi. Siri isiyo na siku ya kufunguliwa, inayomfanya tumbo limbane, aniletee mimi au wewe, hata kama ameapishwa, hata kama ameambiwa atachapwa. Na akiileta msimfokee kwa kuchelewa. Vilevile mtoto asilazimishwe kukumbatia wala kubusu mtu ili asionekane hana adabu. Kama "hapana" yake haiheshimiwi na shangazi sebuleni, ataiamini wapi?

Kuhusu mtoto mwenye rafiki mmoja tu, msihangaike. Na mwenye rafiki wa kuwazia, anayemwekea kiti, mwekeeni tu hicho kiti.

Sasa sisi wenyewe. Mtoto anachora sakafuni, huonekani kama unamfundisha chochote. Simu inalia, unaitazama, unasema, "Huyu naye! Mwambieni sipo." Baada ya dakika kumi unampigia wewe: "Mpenzi wangu, nilikuwa mbali na simu, nimekukumbuka sana." Mtoto hakuinua kichwa, lakini kalamu ilisimama. Mimi nimewahi kuiona ile kalamu ikisimama, na aliyekuwa ameishika simu ni mimi. Tukitaka wajue rafiki ni nani, watuone tukiwaambia marafiki zetu "leo sitaweza, nimechoka", kisha watuone tukikaribishana tena wiki inayofuata. Hata ugomvi wenu wawili, mume na mke, kama wameusikia ukianza, wasikie na mlivyopatana. Wengi wetu hugombana sebuleni tukapatana chumbani, mtoto akabaki na nusu ya habari.

Ombi langu la mwisho ni dogo. Akirudi leo, usimuulize "umecheza na nani?" Atakutajia majina matatu na habari itaishia hapo. Muulize mlicheka nini, au nani aliamua mchezo, au kuna mtu alikuambia hapana. Kisha unyamaze, uendelee na kazi yako. Mtoto husimulia vizuri akiona hatazamwi.

Juzi nilimjaribu mjukuu wangu, ana miaka mitano. Nikamuuliza kwa nini yule mwenzake wa kila siku ni rafiki yake, maana nimewasikia wakigombana asubuhi hadi jioni. Alifikiri kwa muda, akikuna goti lenye kidonda kipya. Akasema, "Nikianguka, anakuja kwanza. Halafu ndiyo anacheka."

Bibi yenu,
mwalimu mstaafu