Barua kwa vijana wa Walukuba mlio masomoni ng'ambo

Wanangu,

Habari zenu za masomo tunazipata, na tunamshukuru Mungu. Leo nataka kusema juu ya wenzenu mliowaacha hapa Jinja, kwa kuwa mimi naonana nao kila siku.

Rafiki aliyebaki hana uwezo wa kukutafuta kama ulio nao wewe. Chuoni kwako intaneti ipo usiku na mchana. Yeye ananunua bando, na tangu Julai 2021 bando hilo hapa Uganda linatozwa kodi ya asilimia 12. Ukimpigia video bila taarifa, unamla bando lake. Mtumie ujumbe wa sauti, ni mwepesi, atausikiliza akipata nafasi. Ukitamani kumwona uso, tanguliza pesa ya bando.

Kubalianeni saa. Saa tatu usiku ya hapa, London wakati wa baridi ni saa kumi na mbili jioni. Wakisogeza saa zao mwisho wa Machi, inakuwa saa moja. Aliye Toronto wakati wa baridi, kwake ni saa saba mchana.

Mkiongea, msilete picha za theluji tu. Mwenzako anayeendesha boda pale Amber Court akiziona anadhani umeshampita, anaona haya kukwambia kwamba tairi limepasuka na tajiri wake anadai hesabu ya siku. Mwambie na wewe kwamba mtihani umekushinda, kwamba chakula cha huko hakipiti kooni. Muulize yule kijana anayeuza rolex, chapati zilizoviringishwa na mayai, kama bado anabishana na wateja juu ya mayai. Urafiki unaishi kwa habari ndogo kama hizo.

Linaloniuma zaidi ni msiba. Mwenzenu mmoja wa hapa alipofiwa na mama yake, nilikaa naye matangani. Simu yake ilijaa vikatuni vya machozi kutoka kwenye kundi. Mmoja tu kati yenu alipiga, akaomba awekwe kwenye spika, akawasalimu wazee mmoja mmoja, kisha akabaki kwenye laini hata maneno yalipokwisha. Mwenzenu anamtaja mpaka leo.

Basi rafiki akifiwa, pigeni. Turubai likishakunjwa na wageni wakarudi makwao, pigeni tena, maana hapo ndipo anabaki peke yake. Kama namba yake imebadilika, niulizeni mimi. Za wengi wao ninazo.

Mzee wenu,
Walukuba, Jinja