Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Chama kimemaliza mwaka kikiwa imara. Mapato na matumizi atayasoma mweka hazina, kwa hiyo sitamwingilia. Nasema tu kwamba ada zimelipwa vizuri kuliko mwaka uliotangulia, ingawa wapo wanaosubiri kukumbushwa mara ya tatu.

Jambo lililojaza meza ya kamati mwaka mzima ni nafuu ya kodi ya serikali kuu ya Marekani kwa wanaokarabati majengo ya kihistoria. Mpango huu ulianza mwaka 1976 na umebadilika mara nyingi. Leo nafuu ni asilimia 20 ya gharama zinazokubalika, na hukatwa kwenye kodi yenyewe unayodaiwa. Tangu sheria ya 2017 haitolewi kwa mkupuo, bali hugawanywa kwa miaka 5. Sheria hiyo hiyo ilifuta nafuu nyingine, ile ya asilimia 10 kwa majengo ya kabla ya 1936 yasiyo ya kihistoria. Anayeipigia hesabu bado, aache.

Wengi hukwama kwenye kipimo cha ukarabati mkubwa. Ndani ya miezi 24 gharama zako lazima zizidi thamani ya jengo kwenye vitabu vyako bila kiwanja, na kwa vyovyote zizidi dola 5,000. Chukua mtu aliyenunua jengo kwa dola 600,000, kiwanja kikiwa 150,000, na thamani ya jengo haijaanza kupunguzwa vitabuni kwa ajili ya uchakavu. Kizingiti chake ni 450,000. Akitumia 500,000 anapata 100,000, yaani 20,000 kila mwaka kwa miaka 5. Akiishia 440,000, hapati hata senti. Kazi iliyopangwa kwa awamu tangu kwenye michoro inaweza kupewa miezi 60. Bei ya kununulia jengo, samani, bustani na vyumba vya nyongeza havihesabiwi. Nyumba unayoishi mwenyewe haimo kabisa. Jengo lazima liwe la kuingiza kipato.

Hata hivyo, kilichotuumiza zaidi mwaka huu ni madirisha. Mwenzetu mmoja aling'oa madirisha ya mbao, mengi yakihitaji tu kamba mpya za kuyainulia, lakiri ya kushikilia vioo na rangi, akaweka ya plastiki. Ndipo akajaza sehemu ya pili ya maombi, ile inayoeleza kazi itakayofanyika. Yakakataliwa, na kwa maoni yangu ilikuwa haki. Viwango 10 vya ukarabati vya mpango huu viko wazi: kilichochakaa kirekebishwe kwanza, na kikibidi kubadilishwa, kipya kifanane na cha zamani.

Kuta nazo zina mambo yake. Matofali ya zamani ni laini. Fundi akijaza viungo kwa saruji ngumu badala ya mchanganyiko wa chokaa na mchanga, unyevu hukosa pa kutokea ila kwenye tofali lenyewe, na baada ya majira machache ya baridi uso wa tofali hubanduka. Kusafisha ukuta kwa kuupulizia mchanga kwa kasi ndiyo usithubutu.

Tafadhali pigeni picha za kila chumba na kila upande kabla ya nyundo ya kwanza. Bila picha za hali ya awali, huna cha kuonyesha ofisi ya hifadhi ya jimbo lako, wala Idara ya Hifadhi za Taifa ambayo ndiyo yenye uamuzi wa mwisho. Na ukiuza jengo kabla ya miaka 5 tangu lianze kutumika, sehemu ya nafuu utairudisha.

Kamati inapendekeza jopo dogo la wanachama, akiwemo mhasibu na fundi mwashi, lipitie michoro na hesabu za yeyote anayetaka kuomba, kabla hajasaini mkataba na mkandarasi. Pendekezo limo kwenye ajenda ya mkutano mkuu na litapigiwa kura. Walio tayari kujitolea wampe katibu majina yao.

Mwenyekiti